Amina ya Mwalimu Otajon

Khiva, 4 Machi

Sanobar,

Gazeti limefika. Kalileta Matniyoz kinyozi mwenyewe, akalitandaza mezani mbele yangu, kisha akaondoka bila kugusa piyala ya chai niliyommiminia. Tangu nimjue mtu huyu hajawahi kukataa chai nyumbani kwangu.

Picha ni yangu. Nimeketi katikati ya wazee wa mtaa, viganja viko usoni, nafunga dua. Nyuma ya bega langu kuna bango la kampuni yenu. Siku ile sikuliona, kwa sababu nilikuwa nikimwombea mke wangu na macho nilikuwa nimeyafumba. Chini ya picha wameandika: "Wazee wa Khiva waubariki mchoro mpya."

Wewe ndiye uliyenipigia simu ukasema, "Baba, hitima ya mwaka ya Mama nitaigharamia mimi. Nyumba ni ndogo, nimepata turubai nje ya Lango la Polvon." Nikakuuliza, uwanja ule si ndio mnaotaka kujenga hoteli yenu? Ukacheka, ukasema uwanja ni uwanja. Nikaualika mtaa mzima. Wakaja hata wale waliouzomea mchoro wenu wa kwanza mpaka wakakaukiwa na mate, kwa sababu walikuwa wanakuja kwa Zulayho, si kwenu. Wakala pilau. Nikaomba, wakaitikia amina, tukapangusa nyuso.

Hukuzaliwa Moscow, Sanobar. Unajua kwamba kwetu mtu akishakula chakula cha mtu na akaitikia amina, neno limefungwa. Mabinti huozwa hivyo. Mashamba hugawanywa hivyo. Hakuna anayerudi kesho yake kusema alikuwa anapangusa jasho tu.

Basi mtaa mzima umeitikia amina kwa mnara wa ghorofa ishirini na mbili, na aliyewaongoza ni mimi.

Simu nimeizima. Sauti yako inafanana na ya mama yako na hunilegeza, kwa hiyo nataka maandishi. Mpe barua dereva yeyote wa teksi inayokuja Urganch, hapa jirani. Nakuuliza swali moja, kama nilivyowauliza wanafunzi wangu wa hesabu, na jibu lake ni neno moja. Ulijua?

Otajon Matrasulov


Tashkent, 9 Machi

Assalamu alaykum, Baba yangu,

Neno ulilotaka ni hili: hapana.

Turubai niliazimwa na kampuni, hilo sikatai, na mpiga picha wao hupita uwanjani kila wiki. Niliposoma lile gazeti nilimwendea mkurugenzi, Bwana Farhod, nikamwuliza ni nani aliyetunga maneno yale. Akasema gazeti limejiandikia lenyewe. Ningefanya nini zaidi ya hapo?

Lakini na mimi nina la kuuliza. Mchoro wa kwanza mliuita sindano. Mkasema hakuna atakayekubali sindano ya kioo ichomwe ubavuni mwa Khiva, mkazomea mpaka wageni wa kampuni wakatokea mlango wa nyuma. Haya, kioo nimekitoa. Majira yote ya baridi nimekaa na mchoro huu. Matofali yake ni ya rangi ya ukuta wa mji wetu. Nimeuzungushia mikanda ya vigae vya feruzi, na kichwa chake nimekichonga chembamba kama minara ya misikiti yetu. Niliwasikiliza neno kwa neno. Sasa nasikia hata huu mnautukana. Nyinyi watu mnataka nini hasa? Au mnataka tu kuzomea, kwa kuwa mji hauna sinema?

Tarehe 18 Aprili kamati ya mji itasikiliza maoni ya wananchi na kuamua. Sikuombi useme uongo, Baba. Nakuomba ukae kimya. Hilo la gazeti watu watalisahau matikiti yakianza kuiva kwenye mabustani.

Mwanao,
Sanobar


Khiva, 23 Machi

We Sanobar,

Ni mimi shangazi yako Bikajon, nakuandikia kwa kalamu ya kuazima. Na matusi pia ningeyaazima, maana ya kwangu nimeyamaliza kukusemea hapa peke yangu jikoni.

Sikukuu ya Navruz imepita. Nilikwenda kwenye sufuria la sumalak kama kila mwaka, ule uji wa ngano iliyochipua tunaoukoroga kwa zamu wanawake wa mtaa. Nikanyoosha mkono nipewe mwiko. Mwiko ukanipita! Ukatoka kwa aliye kushoto kwangu ukaenda kwa aliye kulia, mimi katikati kama kigingi. Nikauliza, "Jamani, mimi sina zamu?" Mke wa kinyozi akanijibu, "Wewe tulia, tutakukorogea lifti." Wakacheka mpaka kuni zikasahauliwa.

Ngoja nikupe maoni ya wananchi, maana nasikia kampuni yenu inayakusanya. Kinyozi anasema Kalta wetu, ule mnara mfupi mnene ulioachwa bila kumalizwa, hatimaye kapata mume, na bwana harusi ana kiyoyozi. Muuza kofia za manyoya pale langoni anasema afadhali ile sindano, kwa sababu sindano ilijijua kuwa ni sindano. Hii ni bibi kizee aliyejitanda shela la bi harusi akidhani hatutamjua kwa magoti. Na wanawake wa nyuma ya ukuta wanauliza jambo moja tu. Wakati wa joto sisi tunalala uani na juu ya mapaa. Wageni wenu wa ghorofa ya ishirini watakuwa wanatazama nini kutoka madirishani? Wazee husema zamani mwadhini wa mnara mrefu alichaguliwa kipofu ili asichungulie nyua za watu. Wageni wenu mtawatoboa macho pale mapokezi, au mtamfuata kila mmoja chumbani kwake?

Sasa sikiliza ya baba yako. Mzee Ruzimat kafariki wiki iliyopita. Kaka yangu akavaa joho lake akaenda kuzika. Baada ya chakula akainua mikono kuomba, kwa mazoea, kama alivyoomba kwenye kila msiba wa mtaa huu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Mwana wa marehemu akamwambia, "Mwalimu, wewe pumzika. Leo ataomba mchinja nyama." Mchinja nyama, Sanobar! Mtu ambaye hawezi kuisoma Fatiha bila kukwama njiani. Kaka yangu akaishusha mikono yake magotini akaitazama. Tangu siku hiyo hatoki ila kununua mkate.

Na lipo jingine ambalo yeye halijui. Yuldosh mpishi alikuja kwangu. Anasema siku ya hitima, watu walipomaliza kula, alitaka kumpa Mwalimu ishara aanze dua, ukamshika mkono ukamwambia, "Ngoja kidogo, kamera haijasimama vizuri." Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako haikufika hata langoni.

Mama yako niliyemwosha ni mimi. Kaka yangu sijamwambia. Bado.

Bikajon


Tashkent, 29 Machi

Shangazi,

Sawa. Nilijua. Umefurahi?

Sasa nisikilize na wewe. Ile sindano waliichora watu wa nje, si mimi. Mlipoizomea, kampuni ilitaka kuijenga hivyohivyo, kuzomea kwenu kote hawakukuhesabu hata kidogo. Mimi ndiye niliyewaomba waniachie nichore upya. Bwana Farhod akasema, chora unavyotaka, lakini watu wa kwenu wakizomea tena, kazi inarudi kwa wenye kioo na wewe unarudi kuchora vyoo vya shule. Kisha akaniuliza, kwenu watu hukubalije jambo? Nikamwambia ukweli. Kwetu hakuna anayekubali kwa kuulizwa. Watu hukubali kwa kula. Ndipo likazaliwa wazo hilo, na lilizaliwa mdomoni mwangu. Lakini hitima ilikuwa ya Mama na pilau ilikuwa ya Mama. Mungu anajua nia za watu. Kamera ilichukua ilichokiona.

Mnanitajia Mama! Mama alifua mashuka ya nyumba za wageni ndani ya ukuta wenu mtukufu, kwa maji ya chumvi, mpaka vidole vikampasuka. Minara hiyohiyo ilikuwa imesimama hapo inamtazama. Ilimpa nini? Vijana wa mtaa wetu wote wako Urusi wanapandishia watu wengine matofali. Mkono mtupu haulambwi, Shangazi, na mji wetu ni mkono mtupu wenye pete nzuri. Mimi nimeona haya kwa ajili yenu miaka yote hii, kila nikiulizwa kwetu kuna nini nikajibu kuna minara. Leo nimepata cha kujenga, mnanikorogea matusi kwenye sumalak.

Nakuomba usimwambie. Akijua atasimama mbele ya kamati aseme, na akisema, Farhod atanyanyuka amjibu kwamba wazo lilikuwa la binti yake. Nitatajwa hivyo mbele ya watu walioniona nikitambaa. Mwache apoe. Atapoa, namjua.

Sanobar


Khiva, 6 Aprili

Binti yangu Sanobar,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Niliisoma kama karatasi ya mwanafunzi ninayemshuku, nikitafuta mahali ulipoiba jibu. Sikupaona. Nakuomba unisamehe kwa ukali wangu.

Mchoro wako bado siupendi, na heri nikwambie mimi kuliko kinyozi. Sindano ile tungeichukia na kuizoea, kama tulivyozoea kituo cha mabasi. Huu wako unaiga minara yetu, na sisi tunaona kama jirani aliyepiga hodi akiwa amevaa nguo za marehemu wetu. Labda huko Tashkent jambo hilo ni la heshima. Hapa linauma.

Lakini mchoro ni mchoro, na jina lako ni jina lako. Jana nilikwenda kunyoa, mara ya kwanza tangu kuzikwa Ruzimat. Nilipoingia, waliokaa kungoja zamu wakanipa mgongo. Kisha Matniyoz akasema, "Mwalimu, kikulacho ki nguoni mwako. Aliyetuuza ni msichana wako." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikawaambia wanifuate, wote, na wakanifuata mpaka makaburini, wengine na taulo shingoni. Nikaweka mkono juu ya kaburi la mama yako nikaapa kwamba wewe hukujua kitu.

Unajua kwamba mimi si mtu wa viapo. Nimefundisha nusu ya mji huu na sijawahi kumwapia mtu hata kwa alama za mtihani. Wakaamini. Matniyoz akaniomba radhi palepale kaburini, na mteja wake akasimama pembeni na povu la sabuni shavuni. Leo asubuhi watu watatu wamenisalimia.

Kwa hiyo kukaa kimya sitaweza. Tarehe 18 nitasimama niseme kwamba dua ilikuwa ya Zulayho, na kwamba kampuni imetuibia hitima yetu, mimi na binti yangu. Huyo Farhod wako nitamtazama usoni. Huenda ukapoteza kazi. Basi urudi nyumbani, paa la shule yetu linavuja na hakuna mtu wa kulichora upya.

Baba yako,
Otajon


Tashkent, 10 Aprili

Baba,

Nani alikutuma uape?

Nilikuomba jambo moja, ukae kimya. Wewe ukaondoka na kundi la watu wenye mataulo ukaenda kumsumbua Mama kaburini! Kwa nini kila kitu kwenu lazima kiwe mbele ya watu?

Usisimame tarehe 18. Nimelifikiria sana. Presha yako si nzuri, ukumbi utajaa, watu watapiga kelele. Hata ukisema, kamati haitabadili kitu. Mambo haya huamuliwa juu na ukumbini watu huja kupigwa picha. Utakachopata ni kuniharibia tu. Nimefika hapa kwa jasho langu, nikiwa mwanamke peke yangu katika chumba cha wanaume kumi wanaoniagiza chai. Ukinitetea mbele ya Farhod utakuwa umenimaliza kwa mkono wako mwenyewe.

Kama unaniamini kama unavyosema, niamini na hili: kaa nyumbani. Mimi siji. Nina homa.

Sanobar


Khiva, 14 Aprili

Sanobar,

Kaka yangu kanisomea barua yako kwa sauti. Akasema, "Maskini, ana homa, tena anaogopa kwa ajili ya presha yangu." Nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mtu huyu atasimama mbele ya mji mzima na kiapo cha uongo mkononi, na yeye anadhani ni cha kweli. Farhod wako atamgeuza kichekesho. Mwambie mwenyewe. Piga simu kwangu, nitamshikisha kwa nguvu. Nakupa mpaka mkesha wa mkutano. Usipofungua mdomo wako, nitafungua wangu, na wangu unaujua.

Bikajon


Khiva, 19 Aprili

Sanobar,

Simu haikulia. Nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Yuldosh aliona kwa macho yake?" Nikasema ndiyo. Nikamwambia pia kwamba Farhod anakungojea, kwamba ukitetewa atakutaja. Akaitikia kwa kichwa. Asubuhi alijinyoa mwenyewe kwenye beseni, akavaa joho, akaniambia nitembee nyuma yake nisiseme neno.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mchoro wako waliutundika mbele, mkubwa kama zulia la harusi, na kila aliyeingia alikuwa na lake. Muuza kofia alisema akitaka minara anayo ya kwake, ya bure, haina mlinzi wa kumfukuza mlangoni. Mwingine akauliza vigae vile vya feruzi vitabanduka mwaka gani, ili watoto wake wajue wasipite chini. Mke wa kinyozi alikuja na godoro. Wallahi godoro, Sanobar! Akalitandika chini ya mchoro, akajilaza, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akawaambia wakubwa wa kamati, "Haya, tutazameni vizuri leo, kabla hamjatoza kiingilio." Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, hata mwenyekiti alificha mdomo. Nikadhani tumeshinda. Mimi mwenyewe nilipiga kelele, sikufichi.

Ndipo mwenyekiti akasema, lakini wazee waliomba dua, picha ipo. Mwalimu Otajon, dua ile ilikuwa ya nani? Kaka yangu akasimama. Farhod alikuwa safu ya mbele, kajigeuza nusu kitini, anatabasamu, yuko tayari na jina lako. Watu wote wakamgeukia, kwa sababu walikuwa upande wake. Walikwenda naye kaburini.

Akasema hivi, na nakuandikia alivyosema: "Dua ilikuwa ya jengo. Mchoro niliuona mapema nikaupenda. Nilijua kwamba mkiulizwa mtakataa, nikatumia hitima ya mke wangu kuwalisha. Binti yangu hakujua kitu. Nilimwapia, na kiapo changu kiko palepale."

Farhod alibaki mdomo wazi. Kisha akapiga makofi, peke yake.

Hakuna aliyemrushia kitu kaka yangu. Afadhali wangerusha. Matniyoz alimwendea mpaka karibu akamwambia, taratibu kabisa, "Mwalimu, mimi nilikuomba radhi." Akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na mke wake akakunja godoro. Kamati ikapitisha. Walisema wazee walibariki na mwenyewe kathibitisha. Kabla hatujafika nyumbani mnara ulikuwa umeshapewa jina. Unaitwa Amina ya Otajon. Hata wenye teksi wanaliita hivyo: shuka pale kwenye Amina ya Otajon.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilidhani nimemwambia ili asimame na ukweli. Kumbe nimempa jembe la kujichimbia. Kila mwenye mama ana hitima ya mama yake. Ya kwako baba yako kaitoa mbele ya watu akasema haikuwa ya mama yako, ilikuwa ya hoteli, ili wewe ubaki msichana mwema. Umepata mnara, hongera. Na usiniandikie mimi.

Bikajon


Tashkent, 25 Aprili

Baba,

Siku niliyopata barua ya Shangazi, kazini walinikatia keki. Bwana Farhod alisimama akasema mimi ni mtu wa kuaminika na baba yangu ni dhahabu. Wakapiga makofi. Nikala keki, Baba. Nilishindwa kufanya kingine, nikala na kutabasamu.

Nilikudanganya. Uliniuliza neno moja nikakupa neno la uongo, na uliponiomba radhi kwa kunishuku nikaiacha radhi yako iwe yangu. Tangu hapo nilikuwa na siku nane za kupiga simu. Kila siku niliishika simu nikaiweka chini.

Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko mezani. Nitaandika na kwa gazeti. Nitasema wazo lilikuwa langu, dua ilikuwa ya Mama, na wewe ulinifichia aibu. Nitalipa jina langu lote ili wakurudishie lako. Niruhusu tu.

Na uniambie, kwa nini? Baada ya niliyokutendea, bado ulinipenda kiasi hicho?

Sanobar


Khiva, 3 Mei

Sanobar,

Gazetini usiandike. Nimeshasema uongo mmoja mbele ya mji na umekubaliwa. Ukija wewe na ukweli sasa, nitakuwa mwongo na wewe utakuwa mwizi, na mnara utajengwa vilevile. Sioni anayefaidika.

Unauliza kama ni mapenzi. Usijipambe. Nilikuwa nimeapa juu ya kaburi la mama yako. Shangazi yako aliponiambia, nilibaki na njia mbili. Nikivunje kiapo, na kukivunja maana yake ni kusimama mbele ya watu niseme Zulayho alizaa mtoto aliyeiuza hitima ya mama yake kwa kamera. Au nikibebe. Nimekibeba kwa ajili yake. Mbele ya Mungu bado ni cha uongo, na nitakijibu mwenyewe. Nilipokuwa nasema maneno yale nilikuwa na hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu, na ningekuona ukumbini ningekuzaba kofi, mimi ambaye sikuwahi kukupiga. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Kazi usiache. Barua hiyo ichane. Ukiondoka watauchukua wale wa kioo, na kitakachosimama pale kina jina langu. Sitaki jina langu liwe sindano. Umelitaka jengo, lijenge, tena lijenge vizuri, maana nitalitazama kila ninapofungua mlango.

Upande wa nyua zetu usiweke dirisha hata moja, kuanzia chini mpaka juu. Mke wa kinyozi alisema kweli na hakuna aliyemjibu. Farhod akibisha, mwambie mzee aliyelibariki ndivyo alivyotaka. Amenipigia makofi, basi na anisikilize.

Na wewe utakuja kukaa hapa. Mchoraji hukaa karibu na kazi yake, na chumba chako kipo. Usiniletee zawadi wala machozi. Asubuhi utakwenda wewe kununua mkate, utasimama kwenye foleni ya tanuri pamoja na wanawake wa mtaa, na utaona jinsi mtu anavyoweza kusimama katikati ya watu asionekane. Utapeleka sahani ya chakula kwa jirani ikurudie imejaa chakula kilekile, hakijaguswa. Utasikia teksi zikilitaja lile jina. Sitakutetea, na wewe usinitetee.

Jioni utarudi nyumbani, nami nitakuwa nimeshinda mchana kutwa bila mtu wa kunijulia hali. Wewe vilevile. Shangazi yako hasemi nawe, na mimi hasemi nami. Itabidi tusalimiane sisi wawili.

Otajon